Kifundo kimeteguka: hatua za kumrudisha mchezaji jukwaani

Katika majeraha ya ghafla yanayowapata wanaocheza, awe mnenguaji wa bendi, dansa wa msanii wa bongo fleva, mcheza ngoma wa kikundi cha utamaduni au mwanasarakasi, kuteguka kifundo cha mguu ndiko kunakoongoza. Mtu ameruka, ametua kwa ukingo wa unyayo, mguu umejipinda kwa ndani, na baada ya dakika chache upande wa nje umevimba kama umetiwa yai chini ya ngozi. Wiki mbili baadaye uvimbe umeshuka, shoo imefika, anapanda jukwaani. Miezi michache mbele mguu uleule unateguka tena, safari hii kwa kukanyaga kijiwe tu akielekea dukani.

Hali hii nataka uielewe kabla ya hatua yoyote. Upande wa nje wa enka, yaani kifundo cha mguu, kuna ligamenti tatu, yaani nyuzi ngumu zinazofunga mfupa kwa mfupa. Mguu ukipinda kwa ndani, ile ya mbele ndiyo huumia kwanza. Kazi yake si kufunga tu. Inapeleka pia habari kwenye ubongo: mguu umekaa vipi, umeinama kiasi gani, unakaribia kupinda au la. Ikiumia, habari hizo zinachelewa, na misuli inayopaswa kuudaka mguu inachelewa nayo. Maumivu yanaweza kwisha ndani ya siku kadhaa huku ucheleweshaji huo ukibaki pale pale. Kwa hiyo usihesabu siku tangu ulipoumia. Hesabu unachoweza kufanya kwa mguu huo.

Hatua ya 1: Simama, kisha pima kama mfupa umevunjika

Usimalizie wimbo. Usimalizie mazoezi. Kaa chini, vua kiatu na njuga kabla uvimbe haujabana, kisha angalia.

Kama mguu umepinda isivyo kawaida, vidole vimekuwa vya baridi au vina ganzi, au ngozi imechanika na mfupa unaonekana, usipime chochote. Mguu ufungwe ulivyo na uende hospitali saa hiyo hiyo.

Kama hakuna hayo, kuna vigezo vilivyotungwa na madaktari wa Ottawa, Kanada, mwanzoni mwa miaka ya 1990, vinavyotumika mpaka leo kuamua nani apigwe picha ya eksirei. Bonyeza kwa ncha ya kidole, juu ya mfupa wenyewe na si juu ya nyama iliyovimba, sehemu hizi: ukingo wa nyuma na ncha ya fundo la nje, ukipanda juu sentimita 6, sehemu hizo hizo kwenye fundo la ndani, kile kibonge cha mfupa kilichopo katikati ya ukingo wa nje wa unyayo, na mfupa uliochomoza juu ya upinde wa unyayo, upande wa ndani. Kisha jaribu kutembea hatua 4, hata kwa kuchechemea. Mfupa mmojawapo ukiuma unapobonyezwa, au hatua 4 zikishindikana tangu ulipoumia hadi sasa, nenda ukapigwe picha. Ikiwa huumii kwenye mfupa na hatua 4 umezipiga, uwezekano wa kuvunjika ni mdogo sana. Usivitegemee vigezo hivi kwa mtoto mdogo, kwa mtu aliyelewa, wala kwa mwenye kisukari aliyepoteza hisia za miguu.

Kile kibonge cha ukingo wa nje usikipuuze. Mwaka 1902 daktari wa mifupa wa Uingereza, Robert Jones, aliandika juu ya aina ya mvunjiko wa mfupa huo wa kidole kidogo, na mmoja wa wagonjwa aliowaeleza ni yeye mwenyewe: aliuvunja akicheza dansi. Mvunjiko huo sasa una jina lake, na moja ya sifa zake ni kupona kwa shida pale mgonjwa anapoendelea kuukanyaga akidhani ameteguka tu.

Pima pia kano ya kisigino, ule mshipi mgumu unaounganisha kigimbi na kisigino, hasa kama ulihisi kitu kimekupiga nyuma ya mguu na ukageuka usione mtu. Lala kifudifudi, nyayo zining'inie nje ya kitanda, mwenzako akuminye kigimbi. Unyayo ukisogea kidogo, kano imeshika. Usiposogea kabisa, huenda imekatika, na hiyo ni safari ya hospitali siku hiyo hiyo. Kwa wanaonunua dawa bila kupimwa: ciprofloxacin, ambayo watu huimeza kwa kila homa ya tumbo, inajulikana kuongeza hatari ya kano hii kukatika. Mwambie daktari au mfamasia kwamba unacheza kabla hajakupa.

Hatua ya 2: Siku 3 za mwanzo

Hapa ndipo familia inapoingia na maji ya moto, chumvi, na fundi wa kuchua wa mtaani. Nawaheshimu sana wazee wetu, lakini katika siku hizi 3 joto na kuchua kwa nguvu vinaongeza damu na uvimbe mahali ambapo nyuzi zimechanika, na kuuvuta mguu "urudi mahali pake" kunaweza kumalizia kuchana kilichobaki. Hakuna kilichotoka mahali pake katika kuteguka kwa kawaida. Kumkatalia bibi aliyekwisha bandika sufuria jikoni si rahisi, basi sema hivi: "Bibi, naomba tusubiri uvimbe ushuke kwanza." Mara nyingi inatosha. Pombe nayo iache siku hizi, na usikimbie.

Funga bandeji ya kuvuta kuanzia chini ya vidole ukipanda juu hadi kupita kifundo. Vidole visigeuke rangi wala visiwe na ganzi. Ukilala au kukaa, mguu uwe juu ya mito, umezidi usawa wa moyo. Barafu inapunguza maumivu: ifunge kwenye kitambaa, dakika 15 hivi, mara kadhaa kwa siku. Usiiweke juu ya ngozi tupu.

Zamani tuliambiwa kupumzika kabisa. Daktari Mmarekani Gabe Mirkin alieneza mwaka 1978 kanuni ya mapumziko, barafu, kubana na kuinua mguu, na miaka mingi baadaye mwenyewe akasema barafu na mapumziko ya kupita kiasi huenda vinachelewesha kupona. Msimamo wa wataalamu wa viungo leo ni kwamba mguu ulindwe siku chache tu, kisha uanze kubebeshwa uzito kidogo kidogo. Tumia gongo ukihitaji, lakini unyayo uguse chini na ukanyage kadiri maumivu yanavyoruhusu.

Kwa maumivu, paracetamol inatosha wengi. Diclofenac na ibuprofen zina hatari kwa tumbo na figo, hasa zikimezwa bila chakula, zikichanganywa, au zikitumika siku nyingi. Na ile sindano ya kuua maumivu nusu saa kabla ya shoo, ikatae. Maumivu ni kengele pekee iliyobaki wakati ligamenti imeshindwa kazi yake. Ukiizima, unaruka bila kujua unatua wapi.

Hatua ya 3: Mwone mtaalamu wa fiziotherapia (tiba ya viungo kwa mazoezi), na uende na video

Hospitali nyingi za rufaa za mikoa Tanzania zina idara ya fiziotherapia, na Moshi kwenye hospitali ya KCMC wamekuwa wakiwafundisha wataalamu hawa kwa miaka mingi. Usisubiri mguu ushindikane. Muda mzuri wa kumwona ni ndani ya wiki ya kwanza.

Shida ni kwamba wataalamu wengi wamezoea wagonjwa wa kiharusi, ajali za bodaboda na maumivu ya mgongo. Ukisema "nacheza", mwenzako anafikiria harusi. Basi chukua simu, umwonyeshe video ya kile unachofanya. Mcheza sindimba wa Kimakonde anacheza magoti yamekunjwa, kiuno kinazunguka, uzito umeshuka chini. Kifundo chake lazima kikunjike sana kwa mbele. Kijana wa Kimaasai anayeruka kwenye adumu anapanda na kushuka wima bila kisigino kukaa chini. Kwake kila kitu ni kigimbi na kano. Mcheza msewe wa Pemba amefunga vitu vya kulia miguuni, uzito mwingine juu ya kifundo. Mwanasarakasi anatua na mwenzake mabegani. Mguu ni uleule, lakini matibabu hayawezi kuwa yaleyale.

Sema pia: sakafu unayochezea ni ya aina gani, unavaa kiatu gani au hauvai, mazoezi ni siku ngapi kwa wiki, shoo ijayo ni lini, na mguu huu umewahi kuteguka mara ngapi. Hilo la mwisho ndilo kubwa kuliko yote.

Ukiona kila ukienda unawekewa mashine ya joto au ya umeme, unalala dakika 20, unarudi nyumbani bila zoezi hata moja, uliza kwa adabu: "Daktari, naomba unipangie mazoezi ya nyumbani ya kurudi kwenye kucheza." Una haki ya kuuliza. Mashine zinaweza kutuliza maumivu, ila haziufundishi mguu chochote.

Hatua ya 4: Rudisha mwendo wa kiungo

Kwa kawaida hii huanza siku ya 3 au ya 4. Kanuni ya maumivu nitakayotumia hapa na mbele ni hii: jipe alama kutoka 0 hadi 10. Wakati wa zoezi, hadi 3 inavumilika. Kesho asubuhi yawe yamerudi yalipokuwa, na uvimbe usiwe umeongezeka. Ukizidi hapo, punguza. Hakuna haja ya kuacha.

Ukiwa umekaa, andika herufi za alfabeti hewani kwa kidole gumba cha mguu, mara kadhaa kwa siku. Kisha pitisha kanga chini ya unyayo, shika ncha mbili, vuta taratibu kuelekea kwako huku goti limenyooka, shikilia sekunde 30.

Ukishaweza kusimama vizuri, fanya zoezi la ukutani. Weka unyayo ukielekea ukuta, kisigino kisinyanyuke, peleka goti liguse ukuta. Sogeza unyayo nyuma kidogo kidogo mpaka goti liguse kwa tabu. Pima kwa rula umbali kutoka kidole gumba hadi ukutani, kisha pima na mguu mzima. Andika namba zote mbili. Unatafuta tofauti isiyozidi sentimita 1 hadi 2. Kwa wanaocheza kwa kuchuchumaa sipendi hata kuruhusu 2, kwa sababu kifundo kisipokunjika, goti na kiuno ndivyo vitakavyolipia.

Na tembea sawasawa. Kisigino kwanza, kisha vidole vikisukuma. Kuchechemea kukishakuwa mazoea, nyonga nayo inaanza kuuma.

Hatua ya 5: Nguvu, kisha usawa wa mwili

Hii ndiyo sehemu inayorukwa, na ndiyo inayomrudisha mtu hospitali. Soma polepole.

Tafuta tyubu ya zamani ya baiskeli, kata kipande, funga kwenye mguu wa meza. Kaa, pitisha mguu ndani yake, vuta unyayo kuelekea nje polepole, rudisha polepole zaidi. Goti lisizunguke, kinachosogea ni unyayo tu. Mara 15, seti 3, kila siku. Misuli inayofanya kazi hapo, ile ya pembeni nje ya muundi, ndiyo inayoudaka mguu unapotaka kupinda.

Kisha kunyanyua visigino. Anza kwa miguu miwili ukishika ukuta. Ukifika mara 25 bila kutetemeka, hamia mguu mmoja. Angalia kwenye kioo, au mwenzako aangalie kutoka nyuma: kisigino kipande wima, uzito ukae kati ya kidole gumba na cha pili. Uzito ukikimbilia kidole kidogo, huko ndiko ulikoteguka. Punguza idadi, rekebisha, ndipo uendelee. Lengo la mchezaji ni angalau mara 20 hadi 25 kwa mguu mmoja, sawa na mguu mzima.

Usawa wa mwili hauhitaji kifaa. Simama kwa mguu ulioumia sekunde 30 wakati unapiga mswaki. Ikiwa rahisi, funga macho. Hapo ndipo utakapojua ukweli, maana jukwaani taa zinazimwa na moshi unafunika sakafu, na macho hayatakusaidia. Baadaye simama juu ya mto au godoro lililokunjwa. Mwisho washa muziki, mguu mmoja chini, mikono na kichwa vicheze stepu zako halisi. Zoezi hili la mwisho nalipenda kuliko yote, kwa sababu mchezaji hatetereki akiwa ametulia. Anatetereka akili ikiwa kwenye mdundo.

Fanya mara 5 kwa wiki, wiki 6 kwa uchache. Ligamenti inaendelea kujijenga kwa miezi mingi, wakati mwingine mwaka na zaidi, kwa hiyo dakika 10 za mazoezi haya ziendelee hata ukisharudi.

Hatua ya 6: Mitihani kabla ya stepu

Usirudi kwa sababu tarehe imefika. Rudi kwa sababu umefaulu haya, mguu ulioumia ukilingana na mzima: kipimo cha ukutani, visigino 20 na zaidi, sekunde 30 macho yamefumbwa bila kugusa chini zaidi ya mara moja, kusimama mguu mmoja, kiwiliwili kimeinamishwa mbele na mguu wa pili umenyooshwa nyuma, kisha kukunja goti mara 5 bila nyonga kuporomoka (4 kati ya 5 zinatosha), na kuruka kwa mguu mmoja mara 10 ukitua kimya. Sikiliza mtuo kwa masikio. Mguu unaotua kwa kishindo haujawa tayari.

Ukifaulu, panda ngazi hizi, kila moja siku 2 au 3, na maumivu yakizidi alama 3 unashuka ngazi moja. Kwanza pita stepu zote kwa kutembea tu. Kisha mdundo wa polepole, hakuna kuruka. Kisha mdundo kamili, hakuna kuruka. Halafu kuruka na kutua kwa miguu miwili, halafu mguu mmoja, halafu kuzunguka hewani. Njuga na mavazi mazito yanakuja baada ya hapo, si kabla, na yasifungwe juu ya sehemu yenye uvimbe. Shoo nzima na kikundi ndiyo ngazi ya mwisho.

Kwa viongozi wa vikundi. Mwanafunzi akija akisema, "Shikamoo mwalimu, leo naweza kuimba na kupiga ngoma, lakini kuruka bado," mjibu kwa furaha. Mpe ngoma, mpe kayamba, mpe nafasi ya mbele kwenye kiitikio. Wachezaji wengi wanaficha jeraha kwa sababu wanajua posho inaenda kwa aliyecheza, na nafasi yao itachukuliwa. Kikundi kinachomlipa aliyekaa pembeni akipona hakipotezi hela. Kinaepuka kumpoteza mtu huyo msimu mzima.

Hatua ya 7: Siku ya shoo

Fika mapema, ukanyage jukwaa lote. Majukwaa ya muda yana maungio ya mbao yaliyoachana, nyaya na maji. Sakafu ya zege au vigae hairudishi nguvu kama mbao, hivyo punguza idadi ya miruko siku hiyo. Pasha mwili dakika 15 kwa kutembea, kukimbia papo hapo na stepu zenyewe. Kujinyoosha kwa kushikilia muda mrefu kuwe baada ya shoo. Kwa miezi kadhaa vaa soksi ya kubana enka yenye mikanda, au fungwa plasta ngumu na anayejua kuifunga. Kinga hiyo hupunguza kuteguka tena, hasa kwa aliyewahi kuteguka.

Wakati wa kurudi kwa mtaalamu

Rudi ikiwa wiki 6 zimepita na kuruka mguu mmoja bado kunashindikana, kifundo kinakuachia ghafla ukitembea sehemu tambarare, kinanasa kama kuna kitu ndani, au kinachoma kwa mbele kila ukichuchumaa.

Maumivu yasiyotokana na kuteguka yana njia yake. Kama kuna sehemu ndogo ya mfupa wa muundi au unyayo unayoweza kuionyesha kwa kidole kimoja, inauma zaidi kila wiki, inauma ukiruka na sasa inauma hata usiku, huenda ni ufa wa uchovu kwenye mfupa. Acha kuruka, upimwe. Picha ya kwanza ya eksirei mara nyingi haiuonyeshi, kwa hiyo majibu safi hayakupi ruhusa ya kuendelea. Kwa dada anayecheza huku anapunguza kula ili mavazi yamkae, na hedhi imekatika miezi 3 au zaidi bila ujauzito, mifupa yake iko hatarini kupata ufa huo. Amweleze daktari mambo yote mawili kwa pamoja, mguu na hedhi, hata kama hakuulizwa.